Kifungu Nilichokifuta kwa Ajili ya Mfuniko wa Sufuria

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na minane, mkazi wa Shauri Moyo, mama wa watoto watatu na nyanya wa mjukuu mmoja tu. Mjukuu huyo anaitwa Imani. Ni kwa sababu yake ninashika kalamu leo niwasimulie, wasomaji wenzangu, jambo ambalo mpaka sasa silisahau...

Marehemu mume wangu alikuwa mfanyakazi wa reli. Alituacha Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Agosti, miaka kumi iliyopita. Siku zile sikuweza kusoma hata maneno ya shada la maua nikayamaliza. Baada ya arubaini nilijiandikisha katika masomo ya watu wazima, nikaketi nyuma ya vijana waliokuwa na umri wa watoto wangu. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na miaka hamsini na minne. Cheti changu kiko sebuleni, kando ya picha ya mume wangu. Ninajivunia, na sitaomba radhi kwa hilo!

Kazi yangu ni upishi. Shule moja ya chekechea, isiyo mbali na kwangu, ilinipa kazi ya kuwapikia watoto chakula cha mchana. Mwalimu mkuu alinikabidhi mkataba, nami nikausoma mwenyewe, mstari baada ya mstari. Vifungu vitatu vilikuwa vizito. Nisimpe mtu mwingine kazi hiyo pasipo idhini. Shule iwe na haki ya kukagua jiko na sufuria zangu wakati wowote, bila kunitaarifu. Na nikigundua hatari yoyote, nisimamishe chakula na kutoa habari siku iyo hiyo.

Kifungu cha pili kilinichoma. Nitawaeleza kwa nini.

Huku kwetu, penye msiba au harusi, kila mama hupewa sufuria yake. Akishaifunika, mwenzake haifunui. Hata kama moshi umegeuka harufu, humwita mwenyewe aje aangalie. Kufunua sufuria ya mwanamke mwenzako ni kumwambia mbele ya watu kwamba humwamini, na wako waliokosana miaka mingi kwa ajili ya mfuniko. Basi mwalimu alipokuja mara ya kwanza, akafunua ndengu zangu na kuonja, nilihisi kana kwamba amenivua kilemba. Lakini nilikuwa nimetia sahihi, nikaendelea kupakua. Polepole nikazoea. Polepole nikafahamu kuwa hakuwa akinichunguza mimi, alikuwa akiwalinda watoto.

Mwezi wa Januari mwaka jana shule ikafungua tawi Kayole. Binti yangu Nekesa anaishi huko, na Imani akawa miongoni mwa watoto wa kwanza kuandikishwa. Furaha iliyoje! Mjukuu wangu angekula chakula chenye jina langu.

Ila Shauri Moyo na Kayole ni mbali, na chakula cha watoto hakisafirishwi hadi kikapoa. Nilihitaji mpishi wa kule, nami nikamchagua Mama Shiru bila kuwaza mara mbili. Huyu ni mwenzangu wa kanisani na katika chama chetu cha akina mama. Anaishi Kayole, na ana kibanda cha mitumba Gikomba. Nilipofiwa, alihamia nyumbani kwangu, akalala sakafuni na mimi, akapika sufuria kubwa ya matanga mpaka siku tuliyosafirisha mwili. Ni nani angenifaa kumpita yeye?

Mwalimu mkuu alikubali, kwa sharti moja: Mama Shiru afungwe na vifungu vilevile vilivyonifunga mimi. Nikasema ndiyo.

Niliandika mkataba huo kwa mkono wangu, kwa Kiswahili safi, nikausoma mbele ya chama Jumapili ya pili ya Februari. Nilipofika kwenye ukaguzi, Mama Shiru aliweka kikombe cha chai chini.

"Mama Nekesa," akaniambia, "nilipopika kwako kwa msiba, wewe ulikuja kufunua sufuria yangu?"

"Sikufunua, dada."

"Sasa leo ndio nimekuwa mchafu?"

Mwingine akadakia, "Wacheni mama! Tangu apate cheti amekuwa mdosi, bosi mkubwa. Kesho ataandika vile tutakoroga!"

Wakacheka. Wakacheka kweli, wengine wakipiga mapaja. Mama Shiru peke yake hakucheka. Alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya leso.

Je, ningefanya nini? Ndiyo, leo najua! Siku ile niliona sakafu ya nyumba yangu, na yeye amelala kando yangu akinishika mkono. Nikatoa kalamu. Nikakifuta kwa mstari kifungu cha ukaguzi. Kwa kuwa aibu ilikuwa imenishika sawasawa, nikakipiga mstari na kile cha kutompa mtu mwingine kazi. Wakapiga vigelegele. Mama Shiru akanikumbatia... nami nikajiona mtu mwema!

Mwalimu mkuu sikumwambia. Alipouliza kama mkataba wa Kayole uko tayari, nilijibu kwamba uko tayari. Hilo halikuwa uongo, na halikuwa kweli.

Muhula wa kwanza ulipita salama. Katikati ya muhula wa pili Nekesa akanipigia simu. "Mum, Imani anasema maharagwe ya shule yana ladha ya jana." Nilicheka. Nikamwambia watoto wa siku hizi wanachagua chakula. Hata hivyo, nilipanga kwenda jikoni kwa Mama Shiru, nikafika hadi kituoni, kisha nikarudi. Ningeingia kwa haki gani? Haki hiyo nilikuwa nimeifuta kwa wino wangu mwenyewe.

Jumanne ya mwisho ya mwezi wa Juni, baada ya chakula cha mchana, watoto wa tawi la Kayole walianza kutapika. Mmoja, kisha mwingine, kisha darasa zima! Wengi walipata nafuu kabla ya jua kuzama. Imani hakupata. Nilimkuta hospitalini macho yamezama, midomo imekauka kama karatasi, sindano ya maji mkononi. Nekesa hakuniamkia. Aliniuliza neno moja tu.

"Ilipikwa wapi?"

Mimi, mwenye jina kwenye mkataba, sikujua chakula cha mjukuu wangu kilipikwa wapi!

Asubuhi nilikwenda kwa Mama Shiru. Mlango ulifunguliwa na msichana wake, Shiru, aliyesema mama yuko Gikomba. Nikapita moja kwa moja hadi jikoni. Jiko lilikuwa baridi, majivu yameganda. Sufuria kubwa ya maharagwe ilikuwa pembeni, imefunikwa vizuri. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilifunua sufuria ya mwanamke mwenzangu...

Ndani mlikuwa na sweta za mitumba. Sweta za watoto, zimekunjwa moja juu ya moja, tayari kwa soko.

"Mum alisema akipika hapati time ya kibanda," Shiru akanong'ona. "Chakula inapikwa na huyo jamaa wa kando ya mtaro. Anapika ya siku tatu, halafu anachemsha tu."

Nikaurudisha mfuniko, nikatoka kumtafuta mama yake.

Mama Shiru tulipokutana, hakukana. Alisema kila mtu hupeana kazi hapa mjini, na kwamba mkataba wetu haukumkataza. "Nionyeshe ni wapi nimevunja," akasema. Uso wake ulikuwa mkavu. Rafiki wa matanga yangu!

Nilikwenda kwa wakili mmoja, karibu na mahakama ya Makadara. Alisoma karatasi yangu, akafika kwenye ile mistari miwili ya wino, akavua miwani. "Mama, mwenye gereji huandika kwamba breki za mteja haziguswi na fundi mwingine. Wafuao mashuka ya hospitali hukubali kukaguliwa maji yao. Kampuni ya ulinzi haimleti mlinzi asiyejulikana. Si kwa sababu wanachukiana. Kazi ikiharibika, anayeumia huwa hayupo mezani wakati wa kutia sahihi."

Anayeumia huwa hayupo mezani... Maneno hayo nililala nayo.

Nilimwendea mwalimu mkuu, nikamwambia yote, hata yale nisiyoulizwa. Aliuvunja mkataba wangu siku iyo hiyo, wa Kayole na wa hapa nyumbani pia. Sikumlaumu. Kwenye chama wamegawanyika. Wapo wanaosema ningemfichia mwenzangu. Mama Shiru na mimi hukaa viti vya mbalimbali kanisani, na wimbo wa kufungua ibada ukianza, kila mmoja hutazama mbele.

Imani alipona. Namshukuru Mungu kila alfajiri!

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi akina mama mnaofanya kazi na mashoga zenu: pendaneni, lianeni misibani, lalieni sakafu moja. Lakini mkiandikiana kazi, msikifute kifungu kwa sababu ya machozi ya mtu. Anayekupenda atakubali ukaguliwe naye akaguliwe. Asipokubali, muulize mapema ni nini kilichomo sufuriani mwake.

Siku hizi Nekesa huniletea Imani Jumamosi. Binti yangu akiingia, kabla ya kuketi, kabla hata ya kunipa mkono, huenda jikoni. Mimi, nikiwa sebuleni, husikia mlio wa mfuniko ukiinuliwa, kisha kimya anapoonja. Mimi, mwanamke niliyeona fahari kubwa kuliko wote Shauri Moyo, nakaa chini ya cheti changu na kusubiri.

Mfuniko ukirudi mahali pake, ndipo anamwambia mtoto, "Haya, kula kwa nyanya."