Jasho kwa Jina la Mwingine

Lori lilikata kona bila kupunguza mwendo.

Ornella Quaranta alilala juu ya tangi la pikipiki yake ya Ducati, akaongeza moto. Jua la Agosti la kusini mwa Italia lilikuwa utosini. Pande zote za barabara ni nyanya, nyanya, nyanya, mpaka macho yanachoka.

"Mnara, hapa Kunguru. Ninaliona."

"Kunguru, usilisimamishe." Sauti ya Kanali Bevilacqua, mkuu wake wa polisi, ilikwaruza katika kifaa cha sikioni. "Lifuate mpaka bandari ya Manfredonia. Namtaka Zdravko akiwa na mzigo mkononi."

Mzigo.

Mzigo wenyewe ulikuwa wanaume zaidi ya thelathini, Wagambia na Wamali, waliofungiwa ndani ya lori la friji. Zdravko ndiye aliyewaingiza kwa boti kutoka ng'ambo ya bahari ya Adria, bila kibali chochote. Ruggero Lattanzio, mwenye mashamba, ndiye aliyewachumisha nyanya. Sasa tetesi za ukaguzi zilikuwa zimemfikia, na Lattanzio alitaka ushahidi wake wenye miguu urudishwe baharini kabla jua halijazama.

Tangu Mei Ornella alikuwa amekaa ofisini kwa Lattanzio, akijifanya karani asiyejua lolote ila kupaka kucha rangi. Mchezo aliuona wote. Shambani waliinama watu wasio na vibali. Serikalini waliandikishwa wakazi wa mji mdogo wa Borgo Santoro: msusi, mke wa mchinjaji, dada yake padri. Watu ambao nyanya waliikuta sahanini. Baridi ikiingia, serikali iliwalipa posho ya kukosa kazi, kwa kazi ambayo hawakuifanya hata siku moja. Lattanzio alimega fungu lake. Uchaguzi ukifika, mji mzima ulimpigia kura shemeji yake.

Kila mtu alishiba, isipokuwa aliyechuma.

Chini ya soli ya kiatu cha Lamin Ceesay, Mgambia aliyekubali kumsaidia, Ornella alikuwa amepachika kinasa sauti kidogo kama punje ya dengu. Akakifungulia kwenye kifaa cha sikioni.

Ngumi zilikuwa zikigonga bati. Watu wakikohoa. Mtu mmoja akimwita mama yake.

Kisha ikaja sauti ya Lamin, ya karibu, kavu. "Dada, kama unanisikia, friji wameizima. Hewa hakuna. Ebrima ameanguka."

"Mnara, watu wanakufa mle ndani. Nalisimamisha."

"Hapana! Bandari si mbali. Vumilia kidogo."

"Wanaovumilia ni wao, Kanali."

"Hiyo ni amri, Kunguru!"

Alikichomoa kifaa sikioni, akakitupa shambani.

Bastola yake ya Beretta ilitoka kiunoni. Risasi ya kwanza ilichana lami. Ya pili ilipasua tairi la nyuma. Lori liliyumba, likaingia Borgo Santoro kiubavuubavu, likagonga chemchemi ya uwanjani na kuzimika mbele ya mkahawa.

Dereva aliruka chini na spana mkononi.

"Iweke chini, kaka. Siku yako imeshaharibika, usiizidishe."

Akaiweka.

Ornella alilipasua kufuli kwa risasi, akavuta mlango. Joto lilimpiga usoni kama mvuke wa sufuria. Watu waliporomoka mmoja juu ya mwingine, midomo wazi, macho mekundu. Alivuta, alibeba, aliburuta. Wa mwisho alikuwa Ebrima. Alimlaza kivulini, akamkandamiza kifua, akampulizia pumzi, akakandamiza tena, mpaka Lamin alipomshika bega.

"Mwache, dada. Ameshakwenda."

Wenyeji walikuwa wametoka mkahawani na leso za chakula shingoni. Hakuna aliyesogea.

"Jamani, hawa wametoka wapi?" mmoja aliuliza. Kana kwamba nyanya hujichuma zenyewe.

Mchinjaji alimwona mkewe akikaribia lori. "Pasqualina! Rudi huku!"

"Nipo!" Lamin akaitika.

Uwanja mzima ukamgeukia. Mwenyewe alionekana kushtuka.

"Nyapara alituita kwa majina yenu," alisema polepole. "Kila asubuhi. Usipoitika, siku yako imepotea. Mimi msimu wote nimekuwa Pasqualina Ruotolo." Akamwonyesha aliyelala kivulini. "Huyu alikuwa Carmelina."

Carmelina msusi alijishika koo.

Simu ya dereva ililia. Bosi. Ornella alimwekea mtutu mbavuni, akamnong'oneza la kusema.

"Bosi, tairi limepasuka. Niko uwanjani Borgo. Njoo na Zdravko, siwawezi peke yangu."

Haikuchukua muda. Mercedes nyeusi ilitokea mwisho wa mtaa. Ornella alijibanza nyuma ya lori. Mchinjaji aliinua mkono ili amwonye Lattanzio. Pasqualina aliushika, akaushusha kwa nguvu.

"Thubutu," alimwambia mumewe.

Zdravko alishuka wa kwanza, akaona mlango wa lori uko wazi, akachomoa bastola. Ornella alikuwa mwepesi zaidi. Risasi moja begani, na bastola ikaserereka kwenye mawe.

Lattanzio alitazama, halafu akacheka.

"Kumbe karani wangu! Na kucha zote zile?"

"Mikono juu, bosi."

"Utamfunga nani, binti? Mji mzima? Viwanda vimefungwa, vijana wameondoka. Ni nani aliyewalisha hawa? Waulize kama niliwahi kumnyima mtu."



Hakuna aliyekanusha.

Kanali alifika na magari manne na ving'ora, miwani ya jua ya Persol usoni, kola imenyooka. Alimtazama Zdravko akitiwa pingu.

"Una bahati umempata. Tutaisahau ile amri."

"Na hawa wanapelekwa wapi?"

"Kizuizini. Kisha kwao. Huyu Lamin atabaki kama shahidi. Akishamaliza, tutaona."

"Sheria inawalinda wote, Kanali. Walionyonywa kazini wana haki ya kibali."

"Sheria ina foleni, Ornella."

Lamin alipanda basi la polisi bila kusukumwa. Mlangoni aligeuka. "Dada, Ebrima mzikeni kwa jina lake. Ebrima Jobarteh."

"Nitasimamia mwenyewe."

Pasqualina alipita kando ya basi na mtungi wa maji, akiwanywesha dirishani mmoja mmoja, machozi yakimdondoka kidevuni. Mtungi ulipokwisha, alimvuta Ornella pembeni.

"Mwanangu, samahani. Ile posho ya baridi... itaingia?"

Ornella alimtazama. Viatu vya mama yule vilikuwa vimetobolewa ubavuni kupisha vidole vilivyovimba.

"Haitaingia, mama."

Pasqualina alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari za mgonjwa.

"Wanangu wote watatu wako Ujerumani. Wanaosha vyombo vya watu. Unadhani nilipenda?"



Upande wa pili Kanali alikuwa akiwapanga askari wake kwa picha, Lattanzio katikati na pingu mikononi. "Quaranta! Njoo hapa mbele, waandishi wamefika!"

Ornella alivaa helmeti, akashusha kioo. Ducati ikanguruma. Alipita kati ya kamera na Kanali bila kupunguza mwendo, akashika barabara ya kwenda mochwari, nyuma ya gari lililombeba Ebrima.