Picha Iliyopakwa Samli

Asubuhi hiyo Yustina alikuwa amekwisha kukamua na kuosha vibuyu. Simeoni, mwanawe wa miezi minne, alilala chali juu ya ngozi akichezea vidole. Alikuwa wa tatu kuzaliwa, wa kwanza kupona. Mwaka ule wa 1974 walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya karibu na Mtinko. Nyumba ilijengwa kwa pupa, ukuta ukapata ufa, na mumewe Alute akauficha kwa picha ya rangi za mafuta, iliyochorwa juu ya turubai, iliyoachwa na mzungu mpima ardhi.

Picha yenyewe ilitia kinyaa. Mwanamke asiye na mdomo, matiti yamemea mahali pa macho, amepakata kitu chekundu ambacho hukujua ni mtoto au ini la ng'ombe. Alute alisema mama yule anacheka. Yustina alimwona analia. Siku nyingine alimwona ana njaa.

Kiangazi kiliipasua ile rangi. Yustina, kwa mazoea ya mtu aliyekulia kwenye kulainisha ngozi, akachota samli, akaisugua picha kwa kiganja mpaka ikalainika. Kisha, bila kunawa, akampaka Simeoni samli ile ile, kama kila siku.

Kufika saa sita picha ilikuwa na joto. Ikatoa jasho. Vinyweleo vikachomoza. Kitu chekundu kilikuwa kinanyonya jicho. Maziwa ya njano, yenye mabonge, yakachuruzika ukutani, na inzi wakayafuata. Matapishi yakamjaa Yustina mdomoni. Akayameza.

"Baba Simeoni," akanong'ona, "itoe. Itamla mwanangu."

"Nyamaza. Majirani watasema tunaroga."

Lakini mwenyewe akaitungua, wakaichoma kwa siri nyuma ya zizi. Haikunuka kitambaa. Ilinuka nyama. Mafuta yalidondoka, moto ukachachatika. Kikatoka kilio kimoja, chembamba, kifupi. Yustina akaziba masikio, akamshukuru Mungu kwamba mwanawe yuko mgongoni, salama, kimya.

Alipomfungua alimkuta na masizi shavuni. Akalowesha ncha ya kanga, akafuta. Shavu likaja na kanga. Chini yake hapakuwa na damu. Palikuwa na nyuzi za turubai, zimefumwa vizuri.

Alute alikuta mbavu majivuni. Ndogo, laini, bado za moto.

Kanga ile ipo hadi leo kwa Redempta, mdogo wake Yustina. Imefuliwa, imeanikwa miaka na miaka. Ukiigusa pale lilipobaki doa la shavu, kidole kinatoka na rangi mbichi.