Mgombea Mmoja, Ahadi Mbili

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu anasukuma mkokoteni. Kibanda changu kiko kando ya barabara anayopita yeye, na vumbi la mikokoteni linatua kwenye nguo za wateja. Mteja mmoja alikuja kuchukua gauni lake jeupe, akalikuta limekuwa kahawia. Akaacha kuja kwangu. Kwa mwendo ule, kibanda kingefungwa.

Siku moja mume wangu alirudi nyumbani akipiga mluzi.

"Mama watoto, tumepata kiongozi," alisema. "Diwani kasema tukimchagua tena, barabara ni yetu sisi wa mikokoteni, kutwa nzima."

Nikacheka. "Umeota, baba watoto. Mchana alikuwa na sisi mafundi. Katuahidi mkokoteni hautapita tena."

Tukatazamana. Kumbe bwana ni yule yule, siku ile ile. Chakula kikapoa tukibishana nani kadanganywa.

Jirani yetu, nesi mstaafu anayefundisha watu mambo ya uraia, alisikia kelele akaja.

"Mmedanganywa wote," alisema. "Anayetaka kiti tu humwambia kila mtu anachopenda kusikia. Mwenye mpango husema neno moja mbele ya wote. Waiteni wagombea, nyinyi mkae pamoja. Waulizeni: utafanya nini, kwa njia gani, na utashikilia hilo hata ukikosa kura?"

Tukafanya hivyo. Diwani alipoingia, akatuona mafundi na wasukuma mkokoteni kwenye benchi moja. Akaanza kusifia hali ya hewa.

Nikasimama. "Mheshimiwa, mikokoteni ipite au isipite?"

"Suala hilo ni pana," akajibu, akijifuta jasho. Watu wakaangua kicheko.

Mpinzani wake, mama muuza mbao, hakuzunguka. "Ipite asubuhi tu, na barabara imwagiwe maji. Gari la maji la halmashauri lipo, limelala tu. Najua wapo watakaoninyima kura kwa hili. Sawa."

Mume wangu alinuna. Na mimi nilinuna, maana nilitaka mikokoteni isipite kabisa. Lakini siku ya kura wote wawili tulimpa yeye, na akashinda.

Sasa asubuhi mume wangu anapitisha mizigo kwenye barabara iliyolowa. Mchana anakaa kibandani kwangu, anapiga pasi huku akinitania. Jana yule mteja alirudi na kitambaa kingine cheupe. Nilifurahi mpaka uzi ukanishinda kutunga. Gauni nimelishona mimi, na aliyelipiga pasi ni msukuma mkokoteni.