Mukononi Una Nini?

Asubuhi ya Rumonge huanza na salamu. Huwezi kukutana na mtu njiani, ukasema amahoro, ukaenda zako. Lazima akuulize umeamkaje. Aulize watoto. Aulize mguu wa mama mkwe wako. Nawe umuulize kama samaki wamepatikana Magara. Mpaka mmalize, jua limeshawachoma. Ndivyo tulivyo, na mimi ndiye wa kwanza kwa kuongea.

Jina langu Mwasiti. Miaka ile Wajerumani walikuwa wanatawala mwambao wetu wa ziwa Tanganyika. Mimi na mume wangu Aruna tulitengeneza mawese. Yeye alipanda michikichi na kukata mikungu. Mimi nilichemsha chikichi, nikatwanga, nikakamua mafuta. Tulikuwa na binti mmoja, Sharifa. Aruna alikuwa mtu wa mipango. Kabla hajanawa uso, alishajua leo atapanda miti mingapi.

Siku moja kamba yake ya kupandia ilikatika. Akaanguka, paji la uso likagonga jiwe. Siku tatu hakusema neno. Siku ya nne akafumbua macho, akasema, "Mama Sharifa, iko maji?" Nililia kwa furaha.

Baada ya mwezi kidonda kikafunga. Kikabaki kishimo juu ya nyusi, ncha ya kidole inaingia. Alitembea, alisali, alihesabu. Alisimulia safari zake za Ujiji bila kukosea jina la bandari hata moja. Watu wakasema amepona. Mimi pia nikasema amepona, na hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Nilimtuma chumvi kwa Aziza, nyumba ya tano kutoka kwetu. Nikangoja weee, chungu kikakauka. Nikamtafuta. Nikamkuta ufukweni, amekaa anasokota kamba.

"Baba Sharifa, chumvi iko wapi?"

"Chumvi? Eh, ulinituma chumvi kwa Aziza."

"Kumbe unajua!"

"Najua."

"Sasa huku umefuata nini?"

Akatazama mikono yake. "Nilikutana na mutu, akanisalimia," akasema. Akaendelea kusokota.

Angekuwa hajui, ningemhurumia. Lakini alijua! Hilo ndilo lililonichoma. Tulihamisha kinu chetu nyuma ya nyumba. Kila asubuhi Aruna alimwaga chikichi mbele ya nyumba, pale pa zamani, kwenye vumbi. Ukimuuliza kinu kiko wapi, anakuonyesha kwa kidole. "Kiko kule nyuma." Na chikichi ameshazimwaga hapa. Wiki nzima! Nilimwita mvivu. Nilimwita jeuri. Nilimtukana mbele ya mtoto wake. Mungu anisamehe.

Wakati ule meli ya moshi ilipita kwetu kuchukua kuni. Kila nyumba ilitoa mtu wa kuzikata na kuzipanga ufukweni. Nyampara, msimamizi wa kazi hiyo, alikuwa mtu mkali. Siku moja alitoa amri mpya. "Kuanzia leo, kuni zipangwe penye jiwe kubwa. Si penye mitumbwi tena. Mumesikia?"

Aruna akairudia amri neno kwa neno. Kisha akabeba mzigo wake, akaupeleka penye mitumbwi. Siku ya pili akafanya vilevile. Siku ya tatu nyampara akaniita.

Nilikwenda na hasira zangu. Asubuhi ile Aruna alikuwa ameacha chungu motoni, mawese yote yameungua. Jasho la siku nne limekwenda hivihivi.

"Wee mwanamke," nyampara akasema, "huyu mume wako ni mgonjwa?"

Ningesema ndiyo, angemwachia. Wagonjwa waliachiwa, nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Aruna alisimama pale, ananitazama.

"Si mgonjwa," nikasema. "Kichwa chake kizima. Ni kiburi tu."

Akapigwa hamsa-ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele yangu. Hasira yangu ilikwisha kwenye kiboko cha kwanza. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Nyumbani alilala kifudifudi. Mgongo ulikuwa umechanika. Akaniuliza taratibu, "Mama Sharifa, kiburi gani?"

Nilimwita Alimasi wa Minago aje kumfunga vidonda. Alimasi alifanya kazi miaka mingi kwa daktari wa askari, akajifunza kwake. Alikuja na tumbili wake, amemfunga kamba kiunoni. Alipomaliza mgongo, akashika kile kishimo cha paji la uso.

"Shemeji, hiki ni cha lini?"

Nikamweleza yote. Chumvi, kinu, kuni. Akasema, "Niletee kata mbili za maji, na karanga, na kaniki."

Nikaleta. Akazifudikiza zile kata chini. Tumbili akitazama, Alimasi akaweka karanga chini ya kata ya kulia. Mara moja akamwachia kamba. Tumbili akafunua ya kulia, akala.

"Ameona, amechukua," akasema Alimasi. "Sasa ngoja."

Akaweka karanga nyingine chini ya kata ya kushoto. Safari hii akazifunika zote mbili kwa ile kaniki. Akahesabu mpaka kumi. Akaondoa kaniki. Tumbili akafunua ya kulia. Hakuna kitu. Akarudia mara tano, sita. Tumbili anabahatisha tu, na mara nyingi anarudi pale alipopata mwanzo.

"Zamani hakukosa," Alimasi akasema. "Hata ungehesabu mpaka ishirini. Mwaka jana kasia lilimwangukia hapa mbele, kwenye paji la uso. Tangu siku hiyo iko hivi. Macho mazima, mikono mizima, njaa anayo. Lakini ukimfunikia kitu kidogo tu, kinamponyoka."

"Alimasi! Mume wangu unamlinganisha na tumbili?"

"Na wewe pia, shemeji, na mimi. Nyuma ya mfupa huu sisi sote tuna ubongo wa mbele. Wetu ni mukubwa zaidi, lakini kazi inafanana. Huo ndio unaoshika lile unalolitaka mpaka ulimalize. Unatoka kufuata chumvi. Njiani iko salamu, iko kelele, iko harufu ya samaki. Ubongo wa mbele unakwambia, ngoja, sisi tunafuata chumvi. Wa Aruna umeumia. Salamu moja inafunika kila kitu, kama hii kaniki."

"Na kinu? Na kuni? Alijua mahali papya!"

"Alijua. Lakini mkono umezoea pa zamani. Ubongo wa mbele ndio unaouzuia mkono na kuuambia, jana ilikuwa pale, leo iko hapa. Usipofanya kazi vizuri, mkono unakwenda na mazoea yake. Mutu anajua, na kujua kwake hakumfikishi."

"Mbona Ujiji anaikumbuka yote?"

"Mambo ya zamani yanakaa sehemu nyingine za ubongo. Huko hakuumia."

Nikakaa chini. Nikasema, "Kwa hiyo hakikuwa kiburi."

"Hapana, shemeji. Hakikuwa kiburi."

Nililia mpaka Sharifa akaja kunishika. Alimasi akatoa kitambaa chekundu mfukoni. Akaficha karanga tena, akafunga kitambaa juu ya kata yenye karanga. Akafunika, akahesabu kumi, akaondoa. Tumbili akaenda moja kwa moja kwenye kitambaa.

"Nilimzoesha siku nyingi," akasema. "Kichwa kisiposhika, alama inashika. Muwekee Aruna alama. Mupe kazi moja tu kwa wakati mmoja, na kitu cha kushika mukononi kinachosema anafuata nini. Usimgombeze. Akifika, musifu palepale. Murudie kila siku."

"Atakuwa kama zamani?"

"Siwezi kukuahidi. Lakini atajifunza, polepole."

Tukaanza na chumvi. Nilimpa kibuyu kitupu cha chumvi akishike. Siku ya kwanza alirudi kutoka ufukweni, kibuyu kitupu. Siku ya pili vilevile. Salamu zilikuwa zinamla. Nikaenda nyumba kwa nyumba kuanzia kwetu mpaka kwa Aziza.

"Nawaombeni," nikasema. "Mukikutana na Aruna, semeni amahoro, kisha mumuulize, mukononi una nini?"

"Tusimuulize hata habari za nyumbani?" Aziza akashangaa. "Si tutamuonea?"

"Aliyemuonea ni mimi," nikasema. "Nyinyi muulizeni hilo tu."

Basi ikawa hivyo. Kila aliyempita alimuuliza, "Amahoro, Aruna. Mukononi una nini?" Naye anatazama, anajibu, "Kibuyu. Nafuata chumvi." Miguu inaendelea. Nyuma ya nyumba nilifunga kitambaa chekundu kwenye kinu, na chikichi zikaacha kula vumbi.

Siku ya tisa alirudi kibuyu kimejaa.

"Nimefikisha?" akauliza.

"Umefikisha, baba Sharifa! Umefikisha kabisa!"

Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aanguke. Kisha akagusa mgongo wake. "Basi nenda kamwambie nyampara hakikuwa kiburi."

Nilikuwa nikijidanganya kwamba siku ile ameisahau. Lakini Alimasi aliniambia wazi, ya zamani yapo yote.

Nikaenda saa ileile. Nyampara alikuwa kati ya wakata kuni. Nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Nilikwambia uongo. Mume wangu aliumia kichwa. Hakikuwa kiburi."

"Sasa unataka nini? Viboko nivichukue tena?"

"Najua havitoki. Nataka usimpige tena. Na nataka nifunge kitambaa kwenye jiwe lako, apaone pa kuweka kuni."

Watu walicheka. Nyampara alinitazama, akatazama lile jiwe. "Funga," akasema.

Nilifunga kwa mafundo matatu. Tangu siku hiyo kuni za Aruna zilipangwa penye jiwe, na hakuna aliyemgusa.

Siku ile nilipofika nyumbani, Aruna alikuwa mlangoni.

"Mama Sharifa, ulikwenda wapi?"

Kunituma kwake kulikuwa kumeshamponyoka, kama karanga ya tumbili.

"Kwa nyampara," nikajibu.

"Kufanya nini?"

"Kumwambia kwamba ulikuwa mgonjwa."

Akafikiri. Hakukunja uso, hakupandisha sauti.

"Ungesema siku ile," akasema.