Meli ya Anga ya Kioo

ALHAMISI, SAA KUMI ALASIRI

Regis Kulik alipanga vizibo vya bia mezani. Kimoja mlango wa jikoni. Kimoja mlinzi. Kumi na viwili mzigo.

"Ukumbi wa wazima moto," alisema. "Jumamosi watu wanatazama mali, Jumapili mnada. Saa sita kamili wote wanashuka chini kula. Mlinzi naye ana tumbo. Anarudi na robo. Sisi tunaingia na dakika mbili, tunatoka na dakika kumi na tatu. Anayetaka kuzubaa, azubae peke yake."

Chumba kilikuwa nyuma ya klabu ya Waslovakia, mjini Jeannette, Pennsylvania, Novemba ya mwaka 1987. Kilinuka bia na kabichi. Nje, madohani ya viwanda vya kioo yalisimama bila moshi. Regis alichonga kalibu za kumiminia kioo humo miaka ishirini na mitatu, hadi asubuhi moja alipokuta geti limefungwa kwa mnyororo.

Aliyekaa karibu na mlango ni Augie Petrone, dereva. Wiki iliyopita Augie alikodiwa kuhamisha mali ya daktari mmoja marehemu kuipeleka ukumbini. Ufunguo wa mlango wa jikoni wa ukumbi huo alikuwa ameshauchongesha wa pili.

Wa tatu alikuwa mwanamke. Verna Hudak, miaka hamsini na minane, zamani mkaguzi wa kioo kiwandani, koti la kanisani, mtu asiyewahi kuiba hata pini.

Mali yenyewe ilikuwa vichupa vya peremende mia tatu na kumi na viwili. Mbwa wa kioo, garimoshi, simu, taa. Zamani vilijazwa peremende ndogo kama punje za mtama, vikazibwa kwa bati. Mtoto alikula peremende, akachezea kichupa, akakivunja. Vilivyosalimika sasa vina bei, na chenye bei hakikosi mwigo. Zaidi ya nusu ya vichupa vya daktari vilikuwa vya kuiga.

"Utavijuaje kwa dakika kumi na moja?" Augie aliuliza.

"Walete mbwa wa kioo," alisema Verna. "Wote wawili."

Akafumba macho. Regis akatoa mifukoni mbwa wawili wa kioo wa kujaribia, akamtia mmoja kila kiganja. Verna hakuhesabu hata hadi tano.

"Wa kushoto ni wa mwaka jana. Mzito, na anateleza kama amepakwa mafuta. Anayeiga huchukua cha kale, akakitengenezea kalibu, kwa hiyo kipya kinatoka kidogo kuliko baba yake, na sura imefifia. Wa kulia ni wa kale. Shika chini. Ana mikwaruzo ya kila upande, ya kuburutwa sakafuni na watoto. Mwongo hupitisha msasa, mikwaruzo ikalala upande mmoja."

"Na umri?"

"Kifuniko. Bati, kabla ya vita. Karatasi ngumu, wakati wa vita, maana bati lote lilikwenda jeshini. Kioo kikianza kuwa na rangi ya zambarau juani, hicho kimemzidi umri mama yangu."

Regis akacheka kidogo. Augie hakucheka. Alimtazama Verna kama mtu anayemtazama mbwa asiyefungwa.

"Mteja wa Ohio anataka kimoja kuliko vyote," alisema Regis. "Meli ya anga, ile yenye umbo la puto refu."

Verna aliijua. Zilitengenezwa sita tu, kisha kalibu ikapasuka. Mama yake ndiye aliyezijaza peremende. Mwezi wa Aprili mjane wa daktari alimwita avipange vichupa, na Verna akaishika kwa mikono yake. Ya kweli.

"Hakuna bastola, Regis," alisema. "Uliniahidi."

"Hakuna."

Verna akarudi nyumbani. Stush, mumewe, alikuwa kitini kando ya dirisha, mrija puani, mashine ya oksijeni ikikoroma miguuni pake. Vumbi la mchanga wa kioo lilikuwa limemjaa mapafuni. Bima ilikufa pamoja na kiwanda, na Jumatatu asubuhi watu wa mashine wangekuja kuichukua.

"Ulikuwa wapi, mama?"

"Kanisani."

Stush akatikisa kichwa. Hakuwa na pumzi ya kubishana.

JUMAMOSI, SAA SITA NA DAKIKA MBILI

Mlango wa jikoni ulifunguka bila kelele. Augie alibaki kwenye gari. Kutoka chini zilipanda sauti za sahani na vicheko vya akina mama wa parokia.

Verna akaanza. Hakutazama, alishika. Garimoshi, la kale, ndani ya mfuko. Simu, bandia. Simu nyingine, ya kale. Kigari cha jeshi, kifuniko cha karatasi, cha wakati wa vita, ndani. Sungura, bandia. Sungura, bandia. Taa, ya kale.

"Dakika nne zimekwenda," Regis alinong'ona. Koti lake likafunuka. Kitako cha bastola kilichungulia kiunoni.

"Uliahidi!"

"Niliahidi ili uje. Shika vyombo."

Meli ya anga ilikuwa peke yake, ndani ya kabati dogo. Regis akavunja kitasa. Verna akainyanyua.

Nzito. Inateleza. Herufi za ubavuni zilikuwa zimefifia kama sabuni iliyotumika.

"Bandia," alisema.

"Acha mzaha."

"Regis, hii si ile ya Aprili. Wamebadilisha."

"Nani? Mjane ndiye aliyekuwa na ufunguo wa nyumba. Hakuna mwingine aliyevigusa ila..." Akageuka kuutazama mlango wa jikoni.

Dereva aliyevifunga kwenye majani makavu. Aliyevibeba. Verna naye akaelewa. Wizi ulikuwa umeshafanyika wiki iliyopita. Huu wa leo ulikuwa wa kuufunika ule.

Ufunguo ukazunguka kwenye mlango wa jikoni. Kwa nje. Kisha gari likaondoka.

Regis akaurukia mlango, akausukuma kwa bega mara tatu. "Mwana haramu! Mwana haramu wewe, Augie!"

Sauti za chini zikakatika.

Clem Yothers, mlinzi, akatokea ngazini na sahani ya kabichi na tambi mkononi, leso bado iko shingoni.

"Verna?" alisema. "Unafanya nini huku juu, mama?"

Regis akachomoa bastola.

"Regis, huyo ni Clem!" Verna akamshika mkono. "Ndiye aliyemtoa mama yako kwenye moto. Clem huyu huyu!"

Regis akainamisha bastola kidogo. Labda angeishusha. Lakini Clem alijisogeza mbele, amsihi, na risasi ikatoka. Sahani ikaanguka kwanza, kisha Clem, ameshika paja. Wazima moto kumi na wanane walipanda ngazi kwa mkupuo mmoja. Regis hakufika hata mlango mkubwa.

Verna hakukimbia. Alipiga magoti kwenye damu na tambi, akakandamiza koti lake la kanisani juu ya jeraha.

"Unaniumiza," Clem aliguna.

"Najua. Nyamaza."

JUMAPILI, SAA NANE MCHANA

Augie alikamatwa njiani kuelekea Ohio, taa moja ya nyuma ya gari imekufa. Ndani walikuta sanduku la majani makavu, na ndani ya majani meli za anga saba za kioo. Aliagiza nakala, akaificha ya kweli katikati ya ndugu zake.

Polisi waliwaketisha yeye na Verna benchi moja korido ya kituo, pingu mikononi. Askari akaenda kutafuta kahawa.

"Dada Verna," Augie alinong'ona. "Wao hawawezi kuzitofautisha. Watakuuliza wewe. Sema zote bandia."

"Ulinifungia mlango."

"Nilikufungia. Lakini sikiliza. Zikiwa bandia zote, hawana la kunishitakia. Nilikodiwa kuendesha gari, nikaondoka, basi. Wananirudishia sanduku. Mteja bado yupo. Kesho alfajiri ndugu yangu Sal yuko kwako na mashine, kabla hao wengine hawajabisha hodi. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya Stush."

"Neno lako halina thamani ya mate."

"Kweli. Una neno la nani mwingine?"

Mpelelezi aliitwa Dunmire, mtu mwenye mafua. Katika chumba cha pembeni alizipanga meli saba mezani, juu ya gazeti. "Bibi Hudak, mji mzima unasema mikono yako haidanganyi. Ukinisaidia, hakimu atasikia. Zaidi ya hapo siahidi."

"Mume wangu atasikiwa na nani?"

Dunmire akapenga kamasi. "Hilo si la idara yangu, mama."

Wakamfungua pingu. Ya kwanza, nzito. Ya pili, inateleza. Ya tatu. Ya nne.

Ya tano ilikaa kiganjani kana kwamba imezaliwa humo. Nyepesi. Mshono wa kalibu ulipita chini ya kidole gumba, mkavu, mkali. Chini, mikwaruzo ya kila upande. Ndani ya mkia palibaki punje moja ya peremende, nyekundu, imeganda kwenye kioo. Mkono wa mama yake ndio ulioitia humo.

Miaka arobaini Verna alishika kioo na kusema kilivyo. Alikuwa amedanganya kanisani, amedanganya juu ya umri wake, amemdanganya Stush. Juu ya kioo, kamwe.

"Bandia," alisema.

"Hii pia?"

"Zote."

Dunmire akashusha pumzi. Kisha akaichukua meli ya tano na kuitupa sandukuni pamoja na nyingine, kama mtu anavyorusha viazi.

Sauti ilikuwa ndogo. Ting, kisha ufa.

Mpelelezi akachungulia, akaokota kipande cha mkia chenye punje nyekundu kwa vidole viwili. "Samahani. Imevunjika moja." Akamgeukia. "Si kitu, sivyo? Ya kuiga tu."

Kwenye korido Augie alikuwa ameusikia mlio. Alisimama kwa kishindo, pingu zikagonga benchi, akaita jina la Verna mara moja, kwa sauti kali, kama mtu anayezama.

Mikono ya Verna ilikuwa bado wazi juu ya meza. Hakuikunja.

"Ndiyo, bwana," alisema. "Ya kuiga tu."