Kichina cha Séverin

"Ni hao. Ni hao. Ni hao." Salamu hiyo ya Kichina ilipita ukutani kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama ya mtu anayekariri katekisimu. Kisha kitu kikaanguka kwa kishindo.

Mama Claire, mwalimu wa lugha, alikuwa anaanika nguo uani. "Papa Séverin," aliita, "unapiga nani huko?"

Jirani yake akatoka. "Napiga daftari."

Séverin alikuwa mtunza ghala kwa Wachina wanaojenga barabara ya kwenda Bafwasende. Msimamizi wao alikuwa amechoka kutafuta mkalimani. Mwisho wa mwezi ujao, mtunza ghala asiyeweza kuelewana naye kwa Kichina angeachishwa kazi.

"Kichwa yangu imekufa, Mama Claire. Miezi tano sasa. Shemeji Osée alijua Kiingereza kwa miezi nane. Mimi hata nikisalimia, msimamizi anacheka."

Mkewe, Emilie, akasema kutoka jikoni, "Kaka yangu anasema uko jiwe."

"Osée alipiga kasia akishuka na mto," Mama Claire alisema. "Wewe unapanda. Yeye alijua Kifaransa. 'Table', 'animal', 'question': alizikuta katika Kiingereza zinamungoja. Kichina haina undugu na Kifaransa. Inaomba miaka. Si kosa ya kichwa yako."

Séverin alikaa kwenye ngazi.

"Lingala ulijifunza wapi?" Mama Claire aliuliza.

"Sikujifunza. Iliingia tu, sokoni."

"Kwa sababu iko ndugu ya Kilokele, lugha ya kwenu. Lugha ya karibu inaingia mbio, ya mbali inachelewa. Bon, lete daftari."

Lilijaa maandishi ya Kichina, ukurasa baada ya ukurasa.

"Ulianza na kuandika?"

"Lugha ya kigeni si inaanza ubaoni? Kifaransa tulifanya vile."

"Donc Kichina unaisoma kama Kifaransa ya shule. Kwenu Yanonge, lokole, ile ngoma ya mti, inasema namna gani?"

"Sauti ya juu, sauti ya chini. Sawa na sisi tunavyosema."

"Kichina pia inapanda na kushuka. Masikio yako yanajua kazi hiyo, lakini umeyafunga. Acha daftari kwanza. Sikiliza wafanyakazi wao, iga. Maneno ya ghala tu: simenti, misumari, kesho, ngapi."

Kuanzia siku ile Séverin alisikiliza. Aliiga akipakua mifuko, akapandisha sauti, akashusha. Wenzake walimwita Bwana Beijing. Hakujali.

Mwisho wa mwezi uliofuata msimamizi alimwuliza kwa Kichina simenti imebaki ngapi. Séverin alijibu. Akakosea neno moja, akalirudia vizuri. Msimamizi hakucheka. Alimpa funguo za ghala, ambazo hadi siku hiyo alizishika mwenyewe.

Jioni, Emilie alipoziona funguo, alikaa chini akashusha pumzi. Osée alikuwa pale, akila samaki. "Sawa, jiwe linaongea," alisema. "Lakini kusoma, huwezi."

"Bado siwezi," Séverin alijibu bila hasira. Akamgeukia Mama Claire, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mama Claire, nipe miaka tatu. Nitakusomea gazeti ya Kichina hapa uani, ukurasa muzima, na Osée atakuwa amekaa anasikia."