Blanketi Jekundu la Bi Mwanapili

Mwatum alikuwa pwani ya Makunduchi akipiga makumbi ya nazi kwa gongo ili apate usumba, nyuzi za kusuka kamba. Ilikuwa asubuhi, mwaka 1971. Mara alisikia anaitwa.

"Mwatum! Njoo mbio! Mtoto!"

Alikuwa mkwewe, Bi Mwanapili. Mwatum alitupa gongo akakimbia.

Nyumbani alimkuta Wanu, mwanawe wa miaka mitatu, kitandani. Mwili ulikuwa moto sana. Macho yalikuwa yamegeuka. Mikono na miguu ilikuwa ikirukaruka.

"Degedege," alisema Bi Mwanapili, huku akimfunika kwa blanketi zito jekundu. "Asipigwe upepo. Wala asipelekwe hospitali. Mtoto wa degedege akipigwa sindano hufa."

Mwatum aliogopa degedege. Aliogopa sindano. Alimwogopa na mkwewe pia, maana Bi Mwanapili alikuwa mkali. Lakini zaidi aliogopa kumzika Wanu. Degedege lilipotulia, alimbeba akapanda gari la mjini. Bi Mwanapili alifuata na blanketi lake, amenuna njia nzima.

Hospitalini, Wanu alilazwa pamoja na watoto mahututi. Daktari Gharib alikuwa hapo akifanya utafiti kuhusu joto la mwili. Kila saa alipima joto la kila mtoto, akaliandika kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani.

"Shikamoo, Bibi," alimwambia Bi Mwanapili, akitoa kijiti cha kioo.

"Marahaba. Hiyo ni sindano?"

"Siyo. Hiki kipimajoto. Tunakiweka kwapani. Mtu mwenye afya ana joto la thelathini na saba hivi. Wanu ana arubaini na nusu. Tumepima damu yake, ana malaria. Lazima apigwe sindano ya dawa."

"Mtaniulia mjukuu wangu!"

"Bibi, watoto wengi huletwa wamechelewa. Wakifa, watu husema sindano imewaua. Kinachoua ni malaria."

Mwatum alisogea mbele ya mkwewe. "Mpige, Daktari," alisema.

Wanu alipigwa sindano. Alivuliwa nguo, akapanguswa kwa maji ya uvuguvugu.

"Si ya baridi," alieleza Daktari. "Akitetemeka kwa baridi, joto hupanda."

Saa sita joto lilishuka. Mwatum akapumua. Saa saba likapanda. Saa tisa likashuka tena. Saa kumi likapanda tena, na degedege likarudi.

"Mtieni kijiko mdomoni!" alilia Bi Mwanapili.

"Hapana! Atapaliwa!" Daktari alimlaza Wanu ubavu, akangoja. Mwatum aliuona uso wa Daktari. Naye alikuwa anaogopa.

Degedege lilipokwisha, Daktari aliichukua ile karatasi. "Dawa imeingia. Kwa nini joto limepanda saa saba, na tena saa kumi?"

Mwatum alifikiri. "Ndizo saa nlizokwenda kusali na kufua vitambaa."

Wote wawili walimgeukia Bi Mwanapili. Ncha ya blanketi jekundu ilionekana chini ya buibui lake.

"Nlimfunika mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Nliogopa. Mwanangu wa kwanza alikufa kwa degedege." Kisha akasema polepole, "Na yeye nlimfunika."

Mwatum alimshika mkono. Hakuweza kumkasirikia.

"Bibi, aliuliwa na maradhi, si na wewe," alisema Daktari. "Lakini blanketi huzuia joto lisitoke. Mwenye homa kali msimfunike hivyo. Mvueni nguo nzito, mlazeni ubavu, na mumlete hospitali upesi. Kumpangusa tu hakutoshi. Dawa ndiyo inayoponya."

Bi Mwanapili alimpa Daktari blanketi. "Chukua. Nnajijua mwenyewe, likibaki nami ntamfunika tena."

Siku ya tatu Wanu alikuwa na joto la thelathini na saba. Aliomba uji, akaumaliza, akaomba mwengine.

Mvua za masika zilipofika, mtoto wa Tabia, jirani yao, alishikwa na homa, kisha degedege. Majirani walijaa chumbani. Mmoja alileta blanketi. Bi Mwanapili aliwapenya wote, akalivuta, akalitupa nje.

"Mlazeni ubavu! Tafuteni gari!"

"Bi Mwanapili," alisema Tabia akilia, "huko si watampiga sindano?"

Bi Mwanapili alikuwa ameshambeba mtoto, anatoka mlangoni.

"Hiyo sindano ndiyo tunayoifuata. Twende!"